Umeacha Somo, Chuo Kinakudai: Majibu kwa Wasomaji Wanaosoma Marekani

Barua za toleo hili zote zinahusu jambo moja: mwanafunzi aliyepata ruzuku ya Pell (msaada wa serikali kuu kwa wenye uhitaji, usiolipwa kama mkopo) na mkopo wa serikali ya Marekani ameacha somo, kisha badala ya kurudishiwa fedha anaambiwa anadaiwa.

Kinachowachanganya wengi ni neno 'refund'. Kwenye karatasi za chuo neno hilo hubeba fedha tatu tofauti. Ya kwanza ni ada ya somo uliloacha, ambayo chuo kinakufutia. Ya pili ni salio linalobaki baada ya ruzuku na mkopo kulipa ada, nalo huingia kwenye akaunti yako ya benki. Waliosoma Tanzania watalifananisha na bumu. Ya tatu ni fedha ambazo chuo kinairudishia serikali kwa sababu hukusoma kiasi ulichopewa fedha ili ukisome. Kila moja ina sheria zake, tarehe zake na ofisi yake. Kabla ya kubishana na mtu yeyote, jua unabishania ipi kati ya hizo. Hapa tutaziita ada iliyofutwa, salio, na fedha zilizorudi serikalini.

Nilitarajia dola 540, nimeletewa bili ya dola 924

*Wahariri, hamjambo. Nasoma chuo cha jamii. Nilijiandikisha masomo matatu, krediti 9, na masomo yalianza tarehe 18 Agosti 2025. Pell ililipa dola 2,773, mkopo ukaingia dola 1,732, ada yote ilikuwa dola 1,680, nami nikapokea salio la dola 2,825. Tarehe 28 Agosti nilimwandikia mshauri wangu wa masomo barua pepe kwamba naacha hesabu, krediti 3. Kwenye mfumo somo limeondolewa tarehe 4 Septemba. Kalenda ya chuo inasema siku ya mwisho ya kufutiwa ada yote ilikuwa 29 Agosti, na hesabu ya Pell hufungwa 8 Septemba. Sasa nadaiwa dola 924 na nimefungiwa kujiandikisha muhula ujao. Je, nimedhulumiwa? Na kwa nini mkopo wangu haujapungua hata kidogo?*
*Mama wa watatu, Ohio*

Mama, sehemu ya deni hilo ni halali, na sehemu unaweza kuipigania. Tuanze na hesabu, maana ukiingia ofisini bila hesabu utajibiwa kwa maneno ya jumla tu.

Kiwango cha juu cha Pell kwa mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395, na namba zako zinaonyesha kwamba hicho ndicho ulichopangiwa. Tangu mwaka wa masomo 2024–25, Pell hutolewa kwa asilimia ya krediti unazosoma, krediti 12 zikiwa ndiyo mia kwa mia. Krediti 9 ni asilimia 75. Krediti 6 ni asilimia 50. Kwa muhula mmoja, asilimia 75 ni dola 2,773 na asilimia 50 ni dola 1,849. Tofauti yake ni dola 924, na ndiyo namba iliyo kwenye bili yako. Chuo kimezirudisha serikalini, lakini salio ulikuwa umeshalipokea, kwa hiyo pengo limeangukia kwenye jina lako.

Ada ya krediti 3 ni dola 540. Kama ingefutwa, ungedaiwa dola 384. Haikufutwa kwa sababu mfumo unasema uliacha tarehe 4 Septemba, siku 6 baada ya mlango wa ada kufungwa.

Sasa angalia jinsi tarehe zilivyokaa. Anayeacha somo hadi 29 Agosti anafutiwa dola 540, anapunguziwa Pell dola 924, na anadaiwa dola 384. Anayeacha kati ya 30 Agosti na 8 Septemba hafutiwi ada hata senti, na Pell inapunguzwa vilevile: dola 924. Anayeacha baada ya 8 Septemba hafutiwi ada, lakini Pell haiguswi tena, kwa hiyo hadaiwi kitu. Kipindi cha katikati ndicho kibaya kuliko vyote, na wewe mfumo umekutupa humo. Tarehe ya ada hupangwa na ofisi ya fedha, ya Pell hupangwa na ofisi ya misaada ya masomo, na ni nadra kuzikuta zimeandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kila msomaji anayefikiria kuacha somo aziandike zote mbili kabla ya kubonyeza chochote.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kungoja hadi baada ya 8 Septemba ni ujanja usio na gharama. Somo linaloachwa baada ya siku za mwanzo hubaki kwenye rekodi kwa herufi W, na huhesabiwa kuwa ulilijaribu ukashindwa kulimaliza. Vyuo vingi vinadai umalize walau asilimia 67 ya krediti ulizojaribu ili uendelee kupata msaada. Ukimaliza 6 kati ya 9 unapata asilimia 66.67, yaani unakosa kwa chembe. Baadhi ya vyuo hutumia theluthi mbili badala ya 67, na hapo unapita. Ulizia chuo chako kinatumia ipi. Na kama mtu hakuhudhuria somo hilo hata mara moja, Pell hupunguzwa hata kama tarehe ya kufunga imepita, kwa sababu kisheria somo hilo hakulianza.

Kwa hiyo ugomvi wako halisi ni wa dola 540, nao unasimama juu ya tarehe moja: uliacha somo siku gani? Fungua kitabu cha kanuni za chuo cha mwaka huo, sehemu ya kuacha masomo, usome kinachohesabiwa kuwa taarifa rasmi. Vyuo vingi huandika kwamba lazima mwanafunzi afanye mwenyewe kwenye akaunti yake au apeleke fomu kwa msajili, na kwamba kumwambia mwalimu au mshauri hakutoshi. Ikiwa kanuni ya kwenu iko hivyo, hauko kwenye haki kamili, bali unaomba tarehe irudishwe nyuma kwa sababu ya msingi. Sababu nzuri ni kama hizi: mshauri alikujibu kwamba atakuondolea somo mwenyewe, mfumo ulikuzuia kuliacha bila idhini yake, au alikujibu baada ya mlango kufungwa ilhali wewe uliandika mapema. Ikiwa kanuni inamruhusu mshauri kupokea taarifa, barua yako ya 28 Agosti inatosha, na chuo ndicho kilichochelewa.

Kusanya karatasi zifuatazo kabla ya kuandika: taarifa ya akaunti yako ya ada ya muhula huo yenye tarehe ya kila ingizo, siyo jumla peke yake, historia ya usajili inayoonyesha siku na saa somo lilipoondolewa, barua ya msaada ya kwanza na ile iliyorekebishwa, barua pepe ya 28 Agosti pamoja na jibu lake, na kalenda ya kufutiwa ada ya muhula wa Agosti 2025. Hiyo kalenda ihifadhi kama faili leo hii, kwa sababu vyuo huibadilisha muhula ukiisha na ya zamani hupotea.

Barua ya rufaa iwe fupi. Andika namba yako ya mwanafunzi, jina na namba ya somo, tarehe uliyotoa taarifa, tarehe iliyoingizwa, kanuni unayoitegemea, na unachoomba: tarehe ya kuacha irekebishwe iwe 28 Agosti, dola 540 zifutwe, na kizuizi cha usajili kiondolewe wakati rufaa inasikilizwa. Usiandike kwamba umedhulumiwa dola 924, maana afisa atakuonyesha hesabu ya Pell, atafunga faili, na hoja yako nzuri itazikwa pamoja na ile mbaya. Ukienda kuzungumza ana kwa ana, ukifika nyumbani tuma barua pepe yenye mistari miwili: nani alisema nini, na ataleta jibu lini.

Zile dola 384 zilipe, au omba kuzilipa kwa awamu. Kanuni ya Pell ni ya serikali kuu, na chuo hakina mamlaka ya kuibadilisha. Faraja iliyopo ni kwamba Pell usiyoitumia haipotei: kila mtu ana ukomo wa asilimia 600 kwa maisha yake yote, na muhula huu umetumia asilimia 25 badala ya 37.5. Usiliache deni hilo livuke kwenda mwaka mwingine wa masomo. Msaada wa mwaka mpya unaruhusiwa kulipa deni la mwaka uliopita lisilozidi dola 200 tu. Linalobaki utalitoa mfukoni.

Kuhusu mkopo: haukupungua kwa sababu haukupaswa kupungua. Mkopo wa serikali unadai usome angalau nusu ya mzigo kamili, ambayo kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya chuo cha jamii huwa krediti 6, nawe bado unazo. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 sheria inabadilika, na kiwango cha mkopo cha mwaka kitapunguzwa kwa asiyesoma muda wote, lakini mkopo wako ni wa kabla ya hapo. Na usishangae ukiona dola 1,750 kwenye studentaid.gov, tovuti ya serikali ya misaada ya masomo, ilhali chuoni zilifika 1,732. Ada ya kutoa mkopo ya asilimia 1.057 hukatwa juu kwa juu.

Kama hukuihitaji fedha yote, una siku 120 tangu mkopo ulipotolewa kuirudisha, na kwa kiasi ulichorudisha hulipi riba wala ile ada. Pitia ofisi ya misaada ya chuo, au iambie kampuni inayosimamia mkopo kwa maandishi kwamba unarudisha mkopo ndani ya siku 120. Ukituma fedha kimya kimya zitachukuliwa kuwa malipo ya kawaida, na ada haitafutwa.

Niliacha masomo yote mwezi wa kumi

*Shikamooni. Nilikuwa na krediti 12. Pell ilikuwa dola 3,698 na mkopo dola 1,732; ada dola 2,220; nikapewa salio dola 3,210. Niliugua, nikajiondoa masomo yote tarehe 1 Oktoba 2025. Muhula ulianza 18 Agosti ukaisha 12 Desemba, na kulikuwa na mapumziko kuanzia Jumamosi 22 hadi Jumapili 30 Novemba. Chuo kinanidai dola 1,294.26. Inakuwaje nidaiwe na chuo, na bado nidaiwe mkopo?*
*Mwanafunzi, Texas*

Marahaba, mdogo wetu, na pole kwa kuugua. Kuacha somo moja na kuacha yote ni mambo mawili tofauti kabisa. Anayeacha yote hupigiwa hesabu ya siku: umekaa siku ngapi, na fedha ulizostahili ni za siku hizo.

Muhula wenu ulikuwa na siku 117 za kalenda. Mapumziko ya siku 5 mfululizo au zaidi huondolewa kwenye hesabu, na yenu ni siku 9, zinabaki 108. Tangu 18 Agosti hadi 1 Oktoba ni siku 45. Gawa 45 kwa 108, unapata asilimia 41.7. Msaada wote ulikuwa dola 5,430, kwa hiyo ulizostahili ni dola 2,264.31, na ambazo hukustahili ni dola 3,165.69.

Chuo hakirudishi zote hizo. Kinachukua ada, dola 2,220, kinazidisha kwa asilimia 58.3 ya muda uliobaki, kinapata dola 1,294.26. Hizo ndizo kinazozirudisha serikalini, na sheria inasema zianzie kwenye mikopo kabla ya Pell. Maana yake zote 1,294.26 zimekwenda kupunguza mkopo wako. Lakini kwa kanuni za chuo ulishapaswa kulipa ada yote ya muhula, na sasa hakuna fedha iliyobaki kuilipa sehemu hiyo. Ndiyo bili uliyoletewa. Kwa hiyo hukudaiwa mara mbili: deni limehama kutoka serikalini kwenda chuoni.

Zilizobaki, dola 1,871.43, zinahesabiwa kwako. Kati ya hizo, 437.74 ni sehemu ya mkopo iliyosalia, nayo utailipa kwa masharti yaleyale ya mkopo uliyoyatia saini. Hakuna wa kukudai leo. Zinabaki 1,433.69 za Pell. Hapa sheria inakulinda: mwanafunzi hurudisha tu kile kinachozidi nusu ya ruzuku aliyopewa. Nusu ya 3,698 ni 1,849, na 1,433.69 haijafika huko. Kwa hiyo hurudishi Pell hata senti. Afisa akikuambia urudishe salio lote la dola 3,210, mwombe karatasi ya hesabu hiyo. Kila chuo huijaza kwa kila mwanafunzi aliyejiondoa, na una haki ya kuiona.

Uhamisho wenyewe ni mbaya kwako kuliko unavyoonekana, na hili tunalisema kwa uzito. Mkopo wa serikali una miezi 6 ya kungoja na mipango ya kulipa kulingana na kipato. Deni la chuo halina hata kimoja. Linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni ndani ya miezi michache. Omba mpango wa awamu mapema, na uupate kwa maandishi. Kwa sababu uliugua, omba pia rufaa ya matibabu ili ada ifutwe. Vyuo vingi vina fomu yake, na hudai barua ya daktari inayotaja tarehe ulizokuwa huwezi kusoma, siyo ugonjwa tu.

Makosa ya kutafuta kwenye karatasi ni haya. Kwanza, tarehe ya kujiondoa: kwa chuo kisichochukua mahudhurio kwa lazima, ni siku ulipoanza utaratibu wa kujiondoa au ulipotoa taarifa rasmi, siyo siku karatasi ilipofika mezani kwa mtu. Chuo kinaweza pia kutumia siku ya mwisho uliyoshiriki kazi ya masomo, kama mtihani, zoezi au mjadala wa darasani. Kuingia tu kwenye tovuti ya somo hakuhesabiwi. Pili, mapumziko: yakisahauliwa, 45 hugawanywa kwa 117, unashuka hadi asilimia 38.5. Tatu, na hili ndilo linaloumiza zaidi, mkopo haupungui upande wa pili. Chuo kina siku 30 tangu kilipotambua kwamba umejiondoa kumaliza hesabu, na siku 45 kurudisha fedha. Kikitambua tarehe 3 Oktoba, mwisho ni 17 Novemba. Siku hiyo fungua studentaid.gov, uone kama mkopo umeshuka kwa dola 1,294.26 au zaidi kidogo, kwa kuwa sehemu ya ile ada ya kutoa mkopo nayo hupungua. Ikiwa chuo kinakudai na mkopo haujashuka, hapo ndipo unadaiwa mara mbili kweli, na una kesi.

Kesi hiyo ipeleke kwa maandishi kwa mkurugenzi wa misaada ya masomo, ukimpa siku 10 za kazi. Akikaa kimya, fungua malalamiko kwenye ukurasa wa maoni na malalamiko wa studentaid.gov, uambatanishe karatasi ya hesabu na picha ya skrini ya mkopo. Kosa likiwa kwa kampuni inayosimamia mkopo, kwamba chuo kilirudisha lakini wao hawakuingiza, lalamika pia kwa shirika la serikali la kulinda watumiaji wa huduma za fedha, kupitia consumerfinance.gov. Ikiwa unachobishania ni ada tu, Wizara ya Elimu ya serikali kuu haitakusaidia, maana ada ni kanuni ya chuo. Panda ngazi za rufaa za chuo mpaka mwisho, kisha uende kwenye bodi ya elimu ya juu ya jimbo. Na deni likifika kwa mkusanya madeni, una siku 30 tangu upate taarifa yake ya deni kumwandikia athibitishe. Akishaipata barua yako, lazima asimame kudai mpaka athibitishe.

Kwa wasomaji wengine: ungengoja hadi 21 Oktoba, siku ya 65, ungekuwa umepita asilimia 60, na baada ya hapo msaada wote huhesabiwa kuwa ni wako. Mgonjwa hachagui siku ya kuugua, hilo tunalijua, lakini anayeacha kwa sababu ya kazi au safari aihesabu siku hiyo kwanza. Na asiyejiondoa rasmi, akapotea tu na kupata F zote, chuo humhesabu kana kwamba aliondoka katikati ya muhula, isipokuwa kuna ushahidi wa kazi aliyoifanya baadaye.

Chuo kinakataa kuzungumza nami

*Mwanangu ana miaka 18, Kiingereza chake bado. Nimepiga simu chuoni kuuliza deni lake, wamekataa kuniambia chochote. Mimi si mzazi wake?*
*Baba, Maine*

Mzee wetu, afisa huyo anafuata sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya rekodi za wanafunzi. Mtoto akishaingia chuo, rekodi ni zake, hata ada akilipa baba. Mwanao ajaze fomu ya idhini kwa msajili, akitaja kwamba unaruhusiwa kuona akaunti ya ada na pia faili la misaada, kwa kuwa mara nyingi ni fomu mbili na watu hujaza moja. Au nendeni wote wawili, aseme mwenyewe mbele ya afisa kwamba uzungumze. Usiingie kwenye akaunti yake ya studentaid.gov kwa neno lake la siri. Akaunti ile ni saini yake kisheria. Ikiwa wewe ndiye uliyechukua mkopo wa wazazi, huo ni wako, na taarifa zake utaziona kwenye akaunti yako bila idhini ya mtu.

Masomo ya wiki nane

*Nilikuwa na krediti 6 kwa wiki 8 za kwanza na krediti 6 kwa wiki 8 za pili. Za kwanza nimefaulu zote. Za pili nimeziacha kabla hazijaanza. Ofisi inasema nimejiondoa chuoni na fedha lazima zirudi.*
*Dada anayesoma usiku, Arizona*

Dada, hapo kuna mawili yamechanganywa. Kwa kanuni zilizoanza tarehe 1 Julai 2021, mwanafunzi wa masomo ya vipindi vifupi hahesabiwi kuwa amejiondoa kama amefaulu krediti zinazofikia angalau nusu ya mzigo, au kama amefaulu katika vipindi vyenye asilimia 49 au zaidi ya siku za muhula. Wewe una krediti 6 za kufaulu. Hesabu ya siku tuliyomweleza ndugu yetu wa Texas haikuhusu, na wakiipiga, ikatae kwa maandishi ukitaja kanuni hiyo.

Lakini Pell yako bado itapunguzwa, kwa sababu masomo mawili hukuyaanza. Kutoka krediti 12 hadi 6 ni nusu. Waulize kwa barua pepe swali moja: fedha zinarudi kwa hesabu ya kujiondoa, au kwa Pell kupunguzwa kutokana na krediti? Jibu la kwanza ni kosa, la pili ni sahihi. Usikubali lile la "ni utaratibu wa mfumo".

Mtu anayeacha kipindi cha pili akiwa hajafikisha krediti hizo 6, lakini anakusudia kurudi katika kipindi kingine cha muhula huohuo, aandike kusudio hilo siku ileile anapoacha. Kipindi hicho kianze ndani ya siku 45 tangu kile alichokuwa anasoma kilipoisha. Maandishi hayo ndiyo yanayomzuia kuhesabiwa kuwa ameondoka.

Nimerudi chuo lakini bili za mkopo zinakuja

*Tarehe 10 Februari 2025 niliacha masomo mawili nikabaki na krediti 3. Tarehe 18 Agosti nikarudi na krediti 9. Kampuni ya mkopo imeanza kunitumia bili.*
*Msomaji, Minnesota*

Uliposhuka chini ya krediti 6 miezi 6 ya kungoja ilianza kuhesabiwa, ikaisha karibu na tarehe 10 Agosti. Ulirudi siku 8 baadaye. Ungerudi kabla haijaisha, ungeipata upya yote. Sasa kwa mkopo huo imekwisha kabisa, na siku utakapomaliza chuo malipo yake yataanza bila kungoja. Mikopo utakayochukua kuanzia sasa ina miezi 6 yake yenyewe.

Bili lakini zinapaswa kusimama. Kwa kuwa unasoma zaidi ya nusu ya mzigo, malipo huahirishwa mara chuo kinapotoa taarifa ya usajili wako, na taarifa hiyo huchukua wiki kadhaa kufika, hasa ukiwa umehama chuo. Usingoje. Omba kwa msajili cheti cha uthibitisho wa usajili kinachotaja tarehe 18 Agosti na kiwango cha krediti, kipakie kwenye akaunti yako ya kampuni, na uandike kwamba unaomba kuahirishwa kuanzie tarehe hiyo na si siku waliyopokea karatasi. Mpaka wakujibu, bili iliyofikia siku yake usiiache bila kuwasiliana nao. Omba wasimamishe malipo kwa muda wanaposhughulikia cheti, na uandike namba ya ombi hilo. Mwezi mmoja baadaye angalia studentaid.gov: hali ya mkopo iwe inasema umeahirishwa, na tarehe ya kuanza iwe 18 Agosti.